Kila Ukuta Una Sababu: Kufundisha Usanifu wa Majengo Wakati wa Likizo

Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya ualimu husisitizwa sana kwamba mwalimu asitegemee kitabu na ubao peke yake, bali atumie mazingira ya mtoto. Wanachuo hulikariri jambo hili vizuri wanapofanya mitihani. Lakini wanapopelekwa kufundisha mjini, aghalabu hulalamika kwamba mazingira hayapo: hakuna shamba, hakuna mto, hakuna msitu, kuna nyumba na barabara tu. Makala haya yana shabaha ya kuonyesha kwamba nyumba na barabara hizo ni zana kamili ya kufundishia, ambayo haihitaji kununuliwa wala kuazimwa, ilimradi mwalimu ajue namna ya kuitumia.

Tunayoyaeleza hapa yametokana na mafunzo ya likizo tunayoyaendesha pamoja na wanachuo wetu katika Jiji la Dar es Salaam mwezi Juni, shule zinapofungwa. Watoto 30 wa Darasa la Tano hukutana kwa siku kumi, asubuhi hadi mchana. Hugawanywa katika vikundi vitano vya watoto sita sita, na kila kikundi huongozwa na mwanachuo mmoja. Kazi yao ni kuyatazama majengo, kuyapima, kuyachora, na mwishowe kubuni jengo dogo la kwao wenyewe.

Hatudai kwamba tulianza vizuri. Tulianza vibaya, na ni kosa letu la mwaka wa kwanza lililotufundisha karibu yote yanayofuata.

Kosa letu la mwanzo

Mwaka ule wa kwanza tuliwapakia watoto katika basi siku ya kwanza, tukawapeleka moja kwa moja katikati ya mji. Kila mmoja alipewa karatasi yenye maswali kumi na mawili: jengo hili lilijengwa mwaka gani? Lilijengwa na nani? Lina ghorofa ngapi? Hutumika kwa kazi gani? Karatasi zilirudi zimejaa majibu sahihi. Mwanachuo mmoja alizisahihisha usiku uleule, akatuletea kwa furaha: alama zilikuwa nzuri kuliko za somo lolote alilowahi kufundisha.

Kesho yake tuliwaambia watoto wachore nyumba, yoyote waipendayo. Karibu wote walichora nyumba ileile moja: ukuta wa mraba, paa la pembetatu, mlango katikati, dirisha kila upande, na juu ya paa bomba la kutolea moshi. Hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyepata kuishi katika nyumba yenye bomba kama hilo. Nyumba hiyo ni ya nchi za baridi, ambako moto huwashwa chumbani ili watu wapate joto. Imewafikia watoto wetu kwa njia ya vitabu vya picha. Walikuwa wametembea mjini saa tatu nzima, wamenakili miaka na majina, lakini macho yao hayakuwa yamefanya kazi yoyote.

Tulipopita kati ya madawati tulimkuta mvulana mmoja amekunja mikono, karatasi yake ikiwa nyeupe. Tukamwambia, "Mwanangu, chora basi nyumba yenu." Akajibu bila kuinua uso, "Ya kwetu si jengo, mwalimu. Ni nyumba ya Uswahilini tu."

Jibu hilo lilitufanya tuketi usiku kuitazama upya ratiba yetu. Kwa kuwapeleka watoto kwanza kwenye makanisa, maboma na maghorofa tulikuwa tumewaambia, bila kutamka, kwamba usanifu wa majengo ni mali ya watu wengine. Na kwa kuuliza maswali yanayojibiwa kwa tarehe na majina tulikuwa tumewazoeza kunakili, si kutazama. Makosa hayo mawili yana dawa moja: mtoto aanzie katika jengo analolijua kuliko mwalimu wake, na aulizwe swali ambalo kibao cha ukutani hakiwezi kumjibia. Swali hilo ni "Kwa nini?"

Kuanzia nyumbani

Siku ya tatu tuliiweka ratiba kando. Kila mtoto alirudi kwao na karatasi, penseli na kamba, akiwa na kazi ya kuchora ramani ya nyumba anamoishi: kuta, milango, madirisha na mahali watu wanapokaa. Kando ya mchoro alitakiwa aandike mambo manne kuhusu sehemu moja tu ya nyumba:

(a) Sehemu hii inaitwaje?
(b) Watu hufanya nini hapa, na saa ngapi?
(c) Kwa nini iliwekwa hapa na si kwingine?
(d) Ina kasoro gani?

Tangu wakati huo siku tatu za mwanzo hutumika nyumbani na shuleni, na hakuna anayepanda basi kabla ya siku ya nne.

Yule mvulana alichora nyumba ya Kiswahili ya kawaida, kama zilivyo nyingi katika Kariakoo ya zamani, Ilala na Magomeni. Mbele kulikuwa na baraza. Mlango wa mbele ulifungukia ukumbi mrefu wa katikati, ambao leo wengi huuita korido, na vyumba vitatu kila upande. Nyuma kulikuwa na ua wenye jiko na choo. Ndani ya kila chumba aliandika idadi ya watu wanaolala humo, maana vyumba vingine vilikuwa na wapangaji. Sehemu aliyoichagua ilikuwa baraza. Aliandika kwamba bibi yake hukaanga maandazi hapo alfajiri, na jioni huketi hapo na kuwaona watoto wa nyumba tatu wakicheza njiani.

Michoro ilipobandikwa ukutani, msichana anayeishi katika ghorofa ya nne alimwuliza, "Na mvua ikinyesha, bibi anakwenda wapi?" Akamjibu kwamba paa limetokeza mbele hadi kulifunika baraza, ndiyo maana bibi haondoki. Msichana akatafakari, kisha akasema kwamba kwao hakuna mahali kama hapo. Bibi yake hushinda chumbani siku nzima. Basi watoto wakaanza kujadiliana wenyewe kwa nini wajenzi wa maghorofa hawakuwawekea wazee baraza, na kama inawezekana kulipandisha baraza juu. Mwanachuo aliyekuwa zamu alitaka kuingilia kati ili awape jibu. Tulimzuia.

Hata hivyo mwalimu asiipambe nyumba hiyo kupita kiasi. Swali la (d) lina kazi yake. Watoto walitaja vyumba vya katikati ambavyo ni giza mchana kutwa, choo kimoja kwa kaya tano au sita, na joto la bati saa nane mchana. Hayo nayo ni maarifa. Mtoto anayejua uzuri wa nyumba yao na kasoro zake haoni haya juu yake, wala hadanganyiki nayo.

Vipimo: shibiri, kamba na kivuli

Kupima humfanya mtoto asimame mahali pamoja muda mrefu, na anaposimama ndipo anapoona. Sisi hupima kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni mwili. Wazee wa pwani walijenga kwa shibiri, dhiraa na pima: shibiri mbili ni dhiraa, na dhiraa nne ni pima. Watoto hupenda sana vipimo hivi, lakini punde huzuka ugomvi, kwa kuwa dirisha lililo shibiri sita kwa mtoto huyu ni shibiri saba kwa mwenzake. Mwalimu na auache ugomvi ukolee. Ndipo kamba yenye mafundo kila baada ya nusu meta, ambayo ndiyo njia ya pili, itakapopokewa kama suluhisho na si kama amri ya mwalimu.

Njia ya tatu ni kivuli. Simika kijiti chenye urefu wa meta moja wima kabisa penye uwanja tambarare. Dar es Salaam mwishoni mwa Juni, jua linapofika juu kabisa, kivuli cha kijiti hicho huwa karibu sentimeta 58, nacho huelekea kusini. Jua halifiki juu kabisa saa sita kamili, bali yapata saa sita na dakika 25, maana saa zetu hufuata longitudo ya 45 mashariki, ilhali jiji letu liko karibu na longitudo ya 39. Ikiwa wakati huo kivuli cha mlingoti wa bendera ni sentimeta 348, watoto hugawanya kwa 58 na kupata kwamba mlingoti una urefu wa meta 6. Hakuna aliyepanda juu, na hesabu imepata kazi ya kufanya.

Kivuli hicho pia hufundisha jambo kubwa la usanifu. Mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini. Mwezi Desemba huhamia kusini. Nyakati zote mbili huwa juu, kwa hiyo paa lililotokeza kidogo latosha kuukinga ukuta. Lakini jua la asubuhi na la alasiri hupiga chini, kutoka mashariki na magharibi, na paa haliwezi kulizuia. Ndiyo sababu ni vizuri pande ndefu za jengo zielekee kaskazini na kusini. Watoto wakishalielewa hilo watoke nje wakalitazame jengo la darasa lao. Katika shule moja tuliyoitumia waligundua kwamba madirisha yote yalielekea magharibi. "Kumbe ndiyo maana tunasinzia kipindi cha mwisho," akasema mmoja wao.

Ziara ya mjini

Siku ya nne na ya tano ndizo za ziara. Huanzia ufukweni na kuelekea Kariakoo kwa miguu, tukisimama mahali pane tu. Mwanachuo asishawishike kuongeza vituo: majengo manne yaliyotazamwa yana faida kuliko ishirini yaliyopitwa.

Kituo cha kwanza ni kanisa la Kilutheri la Azania Front, ambalo wamisionari wa Kijerumani walianza kulijenga mwaka 1898. Juu ya madirisha yake kuna vipaa vidogo vya vigae. Watoto huulizwa: dirisha lina haja gani ya kuwa na paa lake lenyewe? Wale waliokwisha kushika habari ya kivuli hujibu mara moja. Kisha huambiwa wageuke na kulitazama ghorofa la siku hizi lenye kuta za vioo, wahesabu viyoyozi watakavyoviona vimening'inia nje ya majengo ya jirani, na wajibu: umeme ukikatika, ni jengo lipi watu wake watapata nafuu?

Kituo cha pili ni Boma la Kale, lililojengwa kati ya mwaka 1866 na 1867, zama za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Hapa twapenda kuonyesha namna mbili za kuuliza swali lilelile, kama tulivyozisikia kwa wanachuo wawili.

Mwanachuo wa kwanza:
— Kwa nini kuta hizi ni nene?
— Ili ziwe imara! (watoto wote kwa pamoja)
— Vizuri sana. Tuendelee.

Mwanachuo wa pili:
— Wekeni viganja ukutani, humu ndani. Mnasikiaje?
— Baridi, mwalimu.
— Sasa twendeni nje, upande unaopigwa na jua. Wekeni tena.
— Wa moto!
— Ukuta ni uleule mmoja. Kwa nini nje ni moto na ndani ni baridi?
(Kimya kirefu.)
— Joto halijafika, mwalimu.
— Litafika lini?
(Kimya tena.)
— Labda usiku. Jua likishazama.

Mtoto yule alikuwa ameeleza, kwa maneno yake mwenyewe, kazi ya ukuta mnene katika nchi ya joto: huchelewesha joto lisiingie ndani mapema. Mwanachuo wa kwanza alipata jibu lisilo la uongo, lakini watoto wangeweza kulitoa wakiwa darasani bila kuliona boma. Tena angalieni kile kimya. Wanachuo wengi hukiogopa, wakakijaza kwa maneno yao. Hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusema neno. Mtoto anayefikiri hana sauti.

Hapo pia huelezwa siri ya vyumba vyembamba vya nyumba za kale za mawe za pwani yetu, tangu Lamu hadi Kilwa. Dari za nyumba hizo zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kubeba uzito wa dari ya mawe na chokaa ikiwa imevuka nafasi kubwa. Kwa hiyo vyumba vingi havikuzidi upana wa meta 3 hivi, ingawa urefu wake ungeweza kuwa mkubwa. Mwanachuo aweke rula juu ya vitabu viwili, apachike jiwe katikati, kisha avitenganishe vitabu kidogo kidogo. Watoto wataona rula ikipinda, na hawatahitaji maelezo mengi.

Kituo cha tatu ni Mnazi Mmoja. Hapa hatuna jengo la kutazama, na swali letu ndilo hilo: kwa nini hapa pako wazi? Mwaka 1891 Wajerumani walitoa sheria ya ujenzi iliyougawa mji katika maeneo matatu, kila eneo na aina yake ya nyumba zilizoruhusiwa. Katika eneo la kwanza zilitakiwa nyumba za namna ya Kizungu, katika la pili nyumba za vifaa vya kudumu, na katika la tatu ndipo nyumba za miti, udongo na makuti ziliporuhusiwa. Sheria ilitaja vifaa vya ujenzi. Lakini kwa kuwa vifaa vilifuata mali, na mali ilifuata rangi, ikawa imewagawa watu. Waingereza, walioutwaa mji mwaka 1916, waliendeleza mgawanyo huo, na watu wakayaita maeneo hayo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi kuitenga Kariakoo na mji wa biashara.

Tulipokuwa tukilieleza hilo mwaka wa kwanza tulimtazama yule mvulana aliyesema kwamba nyumba yao si jengo. Neno lake halikuwa lake. Lilikuwa limeandikwa katika sheria kabla ya babu yake kuzaliwa, likapita vinywani mwa watu miaka zaidi ya mia, hadi likamfikia yeye darasani. Hatukumwambia hivyo, wala haikuwa lazima. Aliuliza mwenyewe, "Kwa hiyo nyumba zetu ziliitwa mbaya kwa sababu ya makuti?" Mwalimu asiyajibu maswali ya namna hii kwa chuki wala kwa kuyapitia juu juu. Aeleze yaliyotendeka, kwa miaka yake, na awaache watoto waliangalie eneo wazi lililo mbele yao.

Kituo cha mwisho ni Kariakoo, jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Njiani watoto huhesabu nyumba za Kiswahili zilizobaki katika mtaa mmoja, maana nyingi zimekwisha kubomolewa kupisha maghorofa. Kisha hulitazama kutoka nje soko kuu lililobuniwa na msanifu majengo Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa mwaka 1975. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko hilo, likahitaji ukarabati mkubwa, lakini fikra ya msanifu yafaa kufundishwa daima. Alibuni paa la zege lenye umbo la miavuli iliyogeuzwa juu chini. Miavuli hiyo hutoa kivuli, huacha hewa ipite, na hukusanya maji ya mvua, ambayo yaliongozwa hadi kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi.

Kutoka kuona hadi kubuni

Siku ya sita na ya saba watoto huwekeana michoro yao na kuikosoa. Siku tatu za mwisho hubuni. Tatizo wanalopewa ni la kweli: watoto wa Darasa la Kwanza hawana mahali pa kuwasubiri wazazi wao baada ya masomo. Masharti ni manne: watoto 20 waweze kuketi, jua la mchana na mvua visiwafikie, mwalimu aliye ofisini awaone, na vifaa vyote viwe vinapatikana jirani na shule. Kila kikundi hutengeneza mfano kwa maboksi, vijiti, udongo na gundi ya unga, kwa kipimo cha sentimeta 5 kwa kila meta moja.

Mifano hujaribiwa hadharani. Huwekwa juani ili kivuli chake kionekane, hupepewa kwa kipande cha boksi, na humwagiwa maji kwa kopo lililotobolewa matundu. Mwaka mmoja kikundi kilichopendeza kuliko vyote kilikuwa kimetengeneza mwavuli uliogeuzwa, kama wa soko la Kariakoo. Maji yalipomwagwa yalijaa juu ya paa, boksi likalainika, nguzo ikalala. Watoto walikaribia kulia. Mwanachuo wao hakuwapa pole nyingi wala hakuwalaumu. Aliwauliza, "Maji ya sokoni huenda wapi?" Wakakumbuka matangi. Walikuwa wameiga umbo bila kuiga sababu yake. Kesho yake walirudi na paa jipya, wamelipakaa nta na kupitisha mrija katikati ya nguzo hadi kwenye kikopo kilichofukiwa udongoni. Tunadhani kikundi hicho kilijifunza kuliko vile vilivyofaulu mara ya kwanza.

Siku ya kumi wazazi hualikwa kuangalia kazi. Mwaka wa kwanza alikuja bibi wa yule mvulana. Alisimama mbele ya ramani ya nyumba yake, akaifuata kwa kidole kuanzia barazani, akapita ukumbini, chumba hata chumba, akafika nyuma, akasimama. "Mjukuu wangu," akasema, "mlango wa uani umeusahau. Mimi nitatokea wapi?" Mvulana akachukua penseli, akauweka.

Tahadhari kwa mwanachuo

Kwanza, pata ruhusa. Andika barua mapema kwa wazazi, kwa mwalimu mkuu na kwa wenye majengo. Mahali pa ibada pasiingiwe wakati wa sala.

Pili, linda heshima ya mtoto. Asilazimishwe kuonyesha chumba anacholala wala kuandika habari za ndani za familia. Asiyependa kuchora nyumba yao achore ya jirani, au duka, au darasa.

Tatu, linda uhai wake. Kila mtoto awe na maji na kofia. Kikundi kivuke barabara pamoja. Kamwe msikaribie jengo linalojengwa au kubomolewa. Watoto wa Dar es Salaam wanajua kwamba majengo huweza kuanguka. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapo hapo Kariakoo, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Wakiuliza, wajibiwe kwa ukweli na kwa upole: jengo husimama kwa sababu, na sababu zikivunjwa huanguka.

Nne, simu za mkononi zibaki mfukoni. Picha hupigwa mara moja na mtu akaondoka; mchoro humlazimisha mtoto aulize dirisha linaishia wapi na paa linakaa juu ya nini.

Hitimisho

Mwanachuo atakayefundisha mbali na Dar es Salaam asidhani kwamba makala haya hayamhusu. Nyumba ya msonge ina sababu zake, tembe la Dodoma lina sababu zake, na nyumba ya matofali ya kuchoma ina zake. Penye nyumba moja, kamba moja na mtoto mmoja, somo lipo. Linalotakiwa ni mwalimu aliyekubali kuanzia kwa mtoto, kuuliza "Kwa nini?" na kunyamaza hadi jibu lije.

Nyumba ya yule bibi sasa haipo. Familia iliuza kiwanja, na ghorofa limesimama mahali pake. Kabla ya kuhama bibi alituma mtu chuoni kuuomba ule mchoro, nasi tukampelekea. Hatuwezi kuwazuia watu wasijenge upya mji wao, wala si kazi ya mwalimu. Kazi yetu ni kuona kwamba watoto wanaokua katika mji huo wanajua kuyatazama majengo yanayoondoka na yanayokuja, na kwamba hakuna mmoja wao anayeamini kuwa kwao si kitu.

Mazoezi

1. Chora ramani ya nyumba uliyokulia. Chagua sehemu moja, ujibu maswali (a) hadi (d) yaliyotajwa katika makala haya.
2. Pima kivuli cha kijiti cha meta moja jua linapofika juu kabisa mahali ulipo. Kimeelekea upande gani? Eleza maana yake kwa ujenzi wa madarasa ya shule yako.
3. Yatazame tena mahojiano mawili ya Boma la Kale. Chagua jengo moja lililo karibu na chuo chako, uandike maswali matano ambayo hayawezi kujibiwa bila kuligusa, kulipima au kulizunguka.
4. Jadilianeni katika vikundi: mtoto akikwambia kwamba kwao si jengo, utamjibu nini, na utamfanyia kazi gani siku inayofuata?